Una dola za fedha za zamani kabatini? Namna ya kuziuza wakati wanunuzi wamepungua

Ijumaa iliyopita, watu wakitoka msikitini, kijana mmoja wa Chumbageni alisimama mbele ya kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, na soksi ya shule mkononi. Soksi nyeupe ya mistari miwili ya bluu, imevimba upande wa vidole. "Shikamoo mama." Marahaba. Akaimwaga juu ya kitambaa changu cheusi. Kabla sijaona kitu nilishasikia ule mlio wa fedha yenyewe, unaokaa hewani kidogo kama kengele ya baiskeli iliyopigwa kwa mbali. Chuma hakilii hivyo, kinagonga tu kikanyamaza.

Sarafu kumi na moja. Dola za Kimarekani nane, reale mbili za Maria Theresa, yule malkia wa zamani wa Austria, na rupia moja ya Mjerumani. Babu yake alifanya kazi bandarini miaka mingi, na vitu vya namna hiyo viliwahi kupita mikononi mwa watu wa bandarini. Kijana alikuwa ameona kwenye simu kwamba dola kama zile "zinauzwa" bei ya pikipiki. Alishachagua hata rangi ya pikipiki.

Nikampa kigoda akae. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo siku ile sikuyafikia kwa sababu ya foleni ya watu wa betri za saa.

Kwanza mnijue, kwa sababu mimi nanunua na kuuza, na mnunuzi asikilizwe kwa sikio la tahadhari. Marehemu mume wangu alikuwa fundi saa. Alipofariki aliniachia meza, kioo cha jicho, mizani ndogo na kopo la majani ya chai lenye sarafu thelathini na nne za fedha. Nyingi zilikuwa dola na reale. Aliniambia nisiziuze rahisi, ningoje mnunuzi wa haja. Nikangoja miaka tisa. Mwanzoni kulikuwa na bwana mmoja wa Dar aliyekuwa akizichukua zote na kuongeza kitu juu ya bei ya fedha, kwa ajili ya uzee wake na sura yake. Kila mwaka ile nyongeza ikapungua. Mwishowe akanipigia: "Dada, za mwaka 1921 usinitumie tena. Ninazo ndoo nzima." Siku hiyo ndipo nilipoanza kuuliza kwa nini.

Jibu ni kwamba zipo nyingi mno. Dola ya Morgan, ile yenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1878 kwa sababu serikali ililazimishwa na sheria kununua fedha ya migodini kila mwezi na kuifanya sarafu. Watu hawakuzitaka mfukoni, ni nzito, wakapenda noti. Zikarundikwa kwa magunia kwenye hazina. Mwaka 1918 ilipitishwa sheria ya kuziyeyusha, na zaidi ya milioni 270 zikaingia tanuruni. Utasema basi zimekwisha. Sheria hiyohiyo ilitaka zilizoyeyushwa zirudishiwe nyingine, kwa hiyo mwaka 1921 pekee zikapigwa Morgan zaidi ya milioni 86. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja dola nyingine, ile ya Amani (Peace), yenye tai aliyetua juu ya mwamba, na ya 1922 peke yake ni zaidi ya milioni 84. Ndiyo maana ukifungua soksi yoyote, ya Tanga au ya Texas, unakutana na 1921 na 1922.

Kuna kisa kimoja huwa nawasimulia wanaoniambia "hii ni adimu, nimesikia". Dola ya 1903 iliyopigwa New Orleans ilikuwa ikihesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo adimu kabisa, na kwenye vitabu vya bei ilipita dola elfu moja. Mwaka 1962 hazina ya Marekani ikafungua magunia ya zamani ili kuwagawia watu kabla ya Krismasi, na ndani yake zikatoka 1903 za New Orleans kwa maelfu. Bei ikaporomoka mpaka makumi ya dola. Sarafu ilikuwa ileile, ila gunia lilifunguliwa.

Siku hizi kinachofunguliwa ni makabati. Wazee wa Kimarekani waliokuwa wakijaza albamu, mwaka kwa mwaka, wanafariki, na watoto wao hawataki albamu, wanataka pesa. Vijana wanaopenda fedha wananunua ile sarafu mpya ya Kimarekani ya tai, inayotengenezwa tangu 1986, aunsi moja kamili, safi, hesabu yake haina kichwa kuuma. Kisha bei ya fedha yenyewe ikapaa. Oktoba 2025 ilivuka dola 50 kwa aunsi, ikapita kilele cha 1980 na cha 2011. Watu wengi wanadhani fedha ikipanda, sarafu ya kukusanya nayo inapanda zaidi. Kwa zile za kawaida ni kinyume. Kila mwenye nacho anakimbilia kuuza, mkusanyaji wa kipato kidogo anaona bei imemshinda anaacha, na mfanyabiashara anabaki na mzigo ambao lazima aupeleke kwa msafishaji, kwa maana fedha ya Morgan ina shaba ndani yake, haiwi nondo safi bila kupita tanuruni. Gharama hiyo na muda wa kungoja anavikata kwako. Ndipo unakuta dola yenye umri wa miaka mia inanunuliwa chini ya thamani ya fedha iliyomo ndani yake.

Kwa hiyo la kwanza la kufanya ni kuzigawa. Usianze na bei, anza na mafungu.

Chukua kioo na mwanga wa dirisha, si wa taa ya simu. Kwenye Morgan, geuza upande wa tai, tafuta chini ya fundo la utepe wa shada, juu ya herufi D na O za neno DOLLAR. Hapo ndipo panapokaa alama ya mji ilikopigwa. CC ni Carson City, na hiyo weka pembeni hata kama imelika. S ni San Francisco, O ni New Orleans, D ni Denver, na pakiwa patupu ni Philadelphia. Ile ya Amani alama yake iko upande wa tai, kushoto, chini ya neno ONE karibu na ncha ya bawa. Ukikutana na 1893 yenye S, au 1889 yenye CC, acha kila kitu, nawa mikono, usiiguse tena mpaka aione mtu anayejua. Ile ya 1893 ya San Francisco zilipigwa laki moja tu. Lakini ujue pia kwamba hizo ndizo zinazoghushiwa kuliko zote, mpaka kuna watu wanaobandika herufi S juu ya sarafu ya kawaida.

Kijana wa Chumbageni alikuwa na 1921 nne, 1922 mbili, 1923 moja, na moja ya 1885 yenye O. Hii ya 1885 ndiyo aliyoishika kwa vidole viwili kama yai. "Mama, hii ni ya zamani zaidi." Ni kweli. Na 1885 ya O zilipigwa zaidi ya milioni tisa. Umri wa sarafu na uadimu wake havina undugu. Nilimwonyesha nywele za yule mwanamke juu ya sikio, na manyoya ya kifua cha tai, maana hapo ndipo panapolika kwanza. Zake zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ingekuwa kila unywele unaonekana na uso una mng'ao wake wa kuzaliwa, tungezungumza mengine.

Hapa niseme habari ya kusafisha, kwa sababu nimeumia nayo. Mwaka wa kwanza wa ujane nilizitoa sarafu kumi koponi, nikazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama sufuria za harusi. Niliona nimezipandisha cheo. Yule bwana wa Dar alipozipokea alinyamaza kwenye simu, kisha akasema atazihesabu kama chakavu. Ule weusi-weusi wa bluu na kahawia unaojikusanya kwa miaka ndio mkusanyaji anaoutafuta, ndio unaomwambia sarafu haijachezewa. Ukisugua unaacha mikwaruzo ambayo kwenye kioo inaonekana kama barabara za Ngamiani zinavyoonekana kutoka angani. Dawa ya meno, soda, majivu, vim, vyote hivyo mbali. Kama kuna matope, maji ya uvuguvugu, kisha iache ikauke juu ya kitambaa bila kuifuta.

Reale zinataka maelezo yake. Pwani yetu hii yote ilizitumia, na bibi zetu wengi vikuku vyao vilifuliwa kutoka reale zilizoyeyushwa. Mtu anaiona 1780 iliyoandikwa pale, anapiga hesabu, anapata karibu miaka mia mbili na hamsini, roho inamruka. Poleni. Mwaka 1780 ndio aliofariki Maria Theresa, na baada ya hapo tarehe haikubadilishwa tena. Ziliendelea kupigwa Vienna, zikapigwa Roma wakati wa Mussolini, London, Bombay na kwingineko, zote 1780, na Vienna wanazitengeneza mpaka leo. Yako inaweza kuwa ya zama za Seyyid Said au ya juzi. Kuzipambanua ni kazi ya mtaalamu mwenye vitabu vyake, anaanzia kwenye lulu za bizimu ya begani na manyoya ya mkia wa tai. Kwa mauzo ya kawaida, ihesabu kuwa fedha. Na neno dola lenyewe, kama hukujua, ni mtoto wa neno thaler, yaani hiyo reale. Ni ndugu hao, na wote wawili leo wamekosa soko pamoja.

Rupia ya Mjerumani ina nafuu kidogo, hasa kwa wageni, kwa sababu ina jina la mahali hapa na mgeni anayetoka kuangalia boma la Wajerumani anataka kitu cha kumkumbusha. Kichwa kilicho juu yake ni cha Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, ana kofia ya chuma yenye tai juu. Zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kuanzia 1890 hadi 1902, nyuma zina simba na mnazi. Zile za serikali, kuanzia 1904 hadi 1914, hazina huyo simba. Vile vya shaba vidogo vilivyoandikwa HELLER, ndivyo vilivyotuachia neno hela, lakini havina fedha hata chembe. Mgeni hununua kwa kisa, usimpimie kwa gramu. Ukipata rupia mbili katika sarafu moja, ya 1893 au 1894, hiyo nayo iweke na akina CC.

Kuna na shilingi za simba, za George wa Tano na wa Sita, wafalme wa Uingereza. Watu huniletea kwa vikapu wakidhani ni fedha tupu. Mpaka mwaka 1946 fedha iliyomo ni robo tu, na kuanzia 1948 hamna kabisa.

Sasa hesabu. Hapa ndipo watu wanapopigwa, hivyo soma taratibu. Bei ya fedha duniani hutajwa kwa aunsi ya madini, ambayo ni gramu 31.1. Usichukue ile aunsi ya jikoni ya gramu 28 na kitu, utajipunja. Angalia bei ya asubuhi hiyo, igawanye kwa 31.1, unapata bei ya gramu moja ya fedha safi. Tuseme aunsi ni dola 50, basi gramu moja ni dola 1.61 hivi. Dola ya Morgan au ya Amani ina uzito wa gramu 26.73, na sehemu tisa katika kumi ni fedha, yaani gramu 24.06 za fedha safi. Ukizidisha unapata dola 38 na ushee. Reale ina gramu 28.07, lakini fedha yake ni chini kidogo, gramu 23.39, kwa hiyo dola 37 na kitu. Watu hushangaa hapo, reale ni kubwa na nzito zaidi lakini ina fedha kidogo kuliko dola. Rupia ina gramu 11.66, fedha safi 10.69, kama dola 17. Ile shilingi ya simba, gramu 7.78 kwa robo, haifiki gramu mbili za fedha, kama dola tatu. Kisha geuza kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo, uandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Karatasi hiyo ndiyo ngao yako. Sonara akitaja bei, wewe unajua anakupa asilimia ngapi.

Pima kila moja peke yake. Zilizolika hupungua, nimewahi kupima Morgan ya gramu 25.9. Zilizochomelewa kipete cha mkufu huongezeka kwa sababu ya risasi ya kuchomelea, na sonara mjanja atakukata kwa hilo, na ana haki. Zilizotobolewa hupungua kidogo tu lakini kwa mkusanyaji zimekufa.

Kujua kama ni fedha kweli, mimi natumia vitu vitatu, na cha tatu ndicho ninachokiamini. Sumaku kwanza, yangu niliing'oa kwenye spika mbovu. Ikishika, mazungumzo yamekwisha. Isiposhika bado hujui, shaba nyeupe nayo haishiki. Pili ni mlio: ibalanse kwenye ncha ya kidole, igonge kwa sarafu nyingine. Sikio linajifunza, ila linahitaji mwaka mzima wa kusikia.

Cha tatu ni maji. Unahitaji mizani ya sonara ya kusoma sehemu ya mia ya gramu, siku hizi zinapatikana kwa bei ya kuku wawili. Weka bilauri ya plastiki yenye maji nusu juu ya mizani, bonyeza kitufe ili isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini huku umeshika uzi, isiguse chini wala ubavuni. Mizani itasoma kitu. Hicho ndicho kipimo cha maji yaliyosukumwa na sarafu. Morgan halali itasoma karibu 2.6. Reale itasoma karibu 2.75, rupia 1.13 hivi. Ikiwa dola yako ina uzito sahihi wa gramu 26.7 lakini majini inasoma 3.1 au 3.4, hiyo ni shaba au chuma kilichovalishwa fedha. Angalia mapovu tu, povu moja likishika chini ya tai linakudanganya.

Nilijifunza kipimo hiki nikiwa nimechelewa. Katika lile kopo la mume wangu kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote, 1893 yenye S, aliyoinunua kwa baharia wakati biashara ilipokuwa nzuri. Aliifunga peke yake kwenye kipande cha kanga. Miaka yote tisa hiyo ndiyo niliyokuwa nikiihesabu kama ada ya chuo ya binti yetu. Nilipoizamisha ilisoma 3.3. Nikabadilisha maji. 3.3. Nikabadilisha uzi. Bado ninayo, naitumia kufundishia.

Kuuza kwenyewe. Zile za kawaida, yaani 1921, 1922, 1923, reale, na Morgan nyingine yoyote iliyolika isiyo na CC, ziuze kwa mizani na uziuze kwa pamoja. Usichague tatu nzuri ukambakizia mnunuzi mbovu, atakukata kwa zote. Nenda kwa masonara wawili au watatu wenye leseni na duka la kudumu, si mtu wa barabarani mwenye begi. Usiseme "unatoa ngapi", sema "hizi zina gramu fulani za fedha safi, unanunua kwa asilimia ngapi?" Utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti. Hapa Tanga mimi nimewahi kupewa robo tatu ya fedha iliyomo, nikienda Dar inapanda kidogo, lakini ondoa nauli ya basi na chakula cha njiani. Kwa sarafu tano safari haina maana. Kwa hamsini, ina maana.

Usingoje mzungu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndilo lililonila miaka. Mgeni anayetoka Marekani anazijua dola za 1921 kuliko wewe, huko kwao zinauzwa kwa ndoo. Atanunua rupia, atanunua heller kwa sababu ya kisa cha neno hela, ataipiga picha reale, dola atairudisha mezani kwa adabu.

Na bei za kwenye simu. Bei anayoomba mtu si bei aliyolipwa. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba 1921 yake anaiuza dola elfu kumi, hakuna anayemzuia. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja uone zilizokwisha kuuzwa tu. Bonyeza hapo, tazama kumi za mwisho, ondoa ile ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kijana wangu alipofanya hivyo pikipiki ilipotea hapohapo machoni pake, nikamwonea huruma.

Kupeleka sarafu Marekani zikakaguliwe na kufungiwa kwenye plastiki ni jambo zuri kwa sarafu ya maana. Kwa 1921 iliyolika, ada ya ukaguzi na posta vinaimeza sarafu yenyewe na chenji haibaki.

Jambo la sheria nisilipite. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Sasa reale imeandikwa 1780. Wewe unajua inaweza kuwa ya juzi, afisa wa uwanja wa ndege anasoma alichoandikiwa. Mgeni akinunua reale kwangu namwambia aende Mambo ya Kale kwanza, apate karatasi. Na mtu akiniletea sarafu yenye udongo akasema ameifukua Tongoni kule kwenye makaburi, siinunui, hata iwe ya dhahabu.

Ukiamua kutouza, hakuna ubaya, fedha haiozi. Ila usiseme unangoja wakusanyaji warudi, sema unaweka akiba ya fedha, na uiangalie bei ya fedha, si bei ya Morgan. Zifunge kwenye karatasi moja moja, mbali na mpira na sponji, maana vinazitia weusi mbaya. Na umwonyeshe mtu mmoja nyumbani zilipo na zina nini. Mume wangu hakunionyesha.

Kwa wanaotaka kununua sasa kwa sababu wamesikia zimeshuka: nunueni kwa bei ya fedha au chini yake, basi. Muuzaji akikwambia "hii ina historia", mwambie hata ukuta wa nyumba yako una historia.

Kijana alikaa mpaka karibu na Laasiri. Tulipima zote nane, majini na nchi kavu, akaandika mwenyewe nyuma ya risiti ya umeme. Nilimwambia sonara wa mtaa wa pili angempa robo tatu, mimi nampa asilimia themanini kwa sababu nina mzigo wa kupeleka Dar mwezi ujao, na yuko huru kwenda kuuliza. Akaenda kuuliza, vizuri sana, akarudi. Rupia nilimwambia aiache mezani kwangu, ikiuzwa kwa mgeni tugawane. Reale ile nzima akaiuza na dola.

Ya pili ilikuwa na tundu juu ya kichwa cha Maria Theresa, limelika upande mmoja kwa uzi. Akampigia mama yake. Nilisikia sauti ya mama kutoka kwenye simu bila kutaka: hiyo ni ya kidani cha bibi, umeitoa wapi, irudishe leo hii. Akaitumbukiza kwenye soksi, akapiga fundo, akahesabu noti zake mara mbili, kisha akaniuliza kama nina chenji ya elfu kumi, wa bajaji hawatamrudishia.